Mlinzi wa Benchi la Nyuma

Alikuwa na pua. Naanzia hapo kwa sababu kila mtu wa Kalamba aliyemjua huanzia hapo. Jumamosi alasiri Mzee wa Kanisa aliingia bomani kwako, akaomba maji ya kunywa, na ulipogeuka kuchota, yeye alikuwa tayari ameshusha kibuyu kutoka ukutani na kukinusa mdomo. Hakuwa anatafuta maziwa. Kama kibuyu hicho kiliwahi kutiwa pombe ya miwa, hata wiki iliyopita, hata kikiwa kimesuguliwa kwa mkaa na majivu, alijua. Hakusema neno. Alikirudisha mahali pake, akanywa maji yako, akashukuru kwa jina la Bwana, akaenda zake. Jumapili ulifika kanisani ukakuta umehamishwa.

Umehamishiwa nyuma. Kanisa letu lilikuwa na benchi moja refu karibu na mlango, na hapo waliketi waliotengwa. Mtu wa benchi haongozi sala, haimbi na kwaya, hagusi mkate wa meza ya Bwana. Na akifa akiwa bado huko nyuma, kanisa halimziki. Hakuna mchungaji, hakuna wimbo. Hilo la mwisho ndilo lililotoa watu jasho. Watu wetu wanaweza kuvumilia njaa, wamezoea, lakini kufukiwa kimya kimya kama mbwa aliyegongwa na lori, hapana.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mzee wa Kanisa, na hata mke wake alimwita hivyo akimwekea chakula. Wazee wengine wa kanisa walikuwepo, lakini ukisema Mzee wa Kanisa hakuna aliyeuliza yupi.

Mimi ninayeandika haya niliacha shule darasa la nne, na sijifichi. Wale niliowaacha darasani walisoma mpaka wakavaa tai mjini, na leo wakitaka kujenga wanakuja kwangu Matiliku kunibembeleza niwachagulie mabati. Nilianza na punda wa kuuza maji, nikaja pikapu kuukuu, na sasa lori zangu watu wanazijua kwa honi kutoka Emali mpaka mji wa Wote. Nasema haya ili mjue kwamba nimekutana na watu wagumu. Nimebishana na makarani, na polisi wa barabarani, na wale wafanyabiashara wa mifugo wa kutoka Garissa ambao ukiwaomba wapunguze bei wanakutazama tu na kutafuna kijiti. Sijaona mgumu kama yule.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo ya mto alijaribu kumkomesha. Alijaza kibuyu mafuta ya taa, akakitundika mahali pa kuonekana. Mzee alinusa, akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka. Tuliokuwa pale tukangoja tuone atakavyoaibika. Akajifuta, akaokota kofia, akamwambia yule mama kwa upole kwamba nyumba inayokunywa mafuta ya taa imejiandaa vizuri kwa huko inakokwenda. Habari zikafika sokoni kabla yake. Yule mama akaitwa Mafuta ya Taa, na watoto wake wakaitwa Vibiriti, mpaka akahamia kwa dada yake Kasikeu.

Utani wake ulikuwa wa namna hiyo. Hakuwa na mwingine. Aliwachekesha watu kwa kumkata mtu mmoja, nasi tulicheka kwa sababu kisu kilikuwa hakijafika kwetu.

"Sikukuweka mimi," alimwambia mtu akimlilia. "Ulijiweka." Na ukimuuliza utatoka lini, jibu lake lilikuwa kwamba benchi halina kufuli. Maana yake usimame mbele ya watu, useme ulilofanya, kisha useme kwamba ulilofanya lilikuwa la shetani. Ukisema yote mawili, siku hiyo hiyo anakushika mkono mwenyewe na kukurudisha mbele, tena anakushangilia kuliko mtu yeyote. Na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyekuweka ndiye anayekutoa. Hata mchungaji hakuweza kuingilia. Wachungaji walikuja na kuhamishwa. Yeye hakuhamishwa.

Msidhani aliwapendelea wa kwake. Binti yake wa kwanza alishika mimba kabla ya harusi. Mzee alimweka benchi Jumapili ile ile, bila kungoja watu wanong'one. Siku ya harusi akamkataza shela. Msichana aliolewa na kitambaa cha kawaida kichwani, akaingia kwa mlango wa pembeni, na baba yake ndiye aliyesimama kwenye mlango mkubwa kuhakikisha hapiti hapo. Baadaye alitubu, akarudishwa, akaenda Mombasa na mumewe, na hakuonekana tena Kalamba hata Krismasi. Mtu mmoja alijaribu kumchoma Mzee kwa habari hiyo katikati ya mkutano. Mzee akamjibu kwamba binti alishamaliza na benchi, mbona yeye msemaji hajamaliza na binti? Yule mtu akakaa.

Sasa kuna jambo ambalo nikiwasimulia watu wa mbali hawanielewi. Upepo ukiezua nyumba ya mtu wa benchi, wa kwanza kufika na nyundo alikuwa Mzee wa Kanisa. Alipanda juu, misumari mdomoni, akafanya kazi mpaka jua likaegemea upande. Lakini chai ya nyumba hiyo hakunywa. Alikuja na hindi la kuchoma mfukoni mwa koti, akalitafuna peke yake kando ya ukuta. Nimeona kwa macho yangu mtoto akimpelekea kikombe kwa mikono miwili, na Mzee akimwambia amrudishie mama yake, na amwambie akitoka benchi atakuja kunywa birika zima. Mtoto akarudi analia. Mzee akapanda tena juu ya nyumba akaendelea kupiga misumari, na paa alizopiga yeye hazikuvuja.

Aliimba besi. Kulikuwa na wimbo mmoja wa jioni ambao ukifika ubeti wa tatu alitoa leso na kujifanya anapenga kamasi. Tulijua analia. Vijana tulikuwa tunauchagua wimbo huo kwa makusudi, tumwone. Ubeti ukiisha alikunja leso, akageuka, akatafuta nani amekuja na sketi fupi.

Na aliogopa sindano. Mtu asiyeogopa chifu wala nyati. Nitafika huko.

Mama yangu alikaa benchi lile kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaitu, ndivyo tunavyosema kwetu, na ndivyo nitakavyomwita.

Kulikuwa na kiangazi kibaya, cha kuuza ng'ombe kwa bei ya ngozi. Akina mama wazee wa upande wetu wakakusanyika kucheza kilumi, ile ngoma ya zamani ya kuombea mvua. Mwaitu alishika ngoma kubwa, kwa sababu mama yake alikuwa mpigaji naye alifundishwa tangu mdogo. Haikuchukua muda mvua ikaja. Ilinyesha kwa mashamba ya walevi na ya waliookoka, na shamba la Mzee wa Kanisa lililo bondeni likapata kuliko yote. Mwaka huo alivuna mpaka akajenga ghala jipya.

Mzee aliwaweka benchi akina mama hao Jumapili ya kwanza baada ya mvua, watu wakiwa bado na matope kwenye viatu.

Wenzake Mwaitu walitubu mmoja mmoja, wakarudi mbele. Zamu yake ilipofika, mavuno yakiwa yamekwisha, alisimama. Alisema kwamba amecheza, ni kweli, na kama kanisa limeumia anaomba lisamehe. Mzee akangoja sehemu ya pili. Mwaitu akasema, kwa sauti ile ile aliyonitumia kuniagiza chumvi dukani, "Kwamba mvua ile ilikuwa ya shetani, hiyo sisemi. Nyote mmekula mahindi yake."

Mzee akamwonyesha nyuma kwa kidole.

Wakaanza hapo, na miaka ikapita. Mwaitu hakukosa Jumapili hata moja. Alifika mapema, akafagia kanisa, akaketi mwisho wa benchi karibu kabisa na mlango, akaimba mpaka kwaya ikawa inamfuata yeye. Walevi waliwekwa na kutolewa, wazinzi waliwekwa na kutolewa, yeye yupo. Wakikutana na Mzee njiani walisalimiana vizuri tu na kuulizana hali ya mbuzi.

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mwaitu alianza kuugua tumbo, akakonda, na niliona kabisa mahali inapoelekea. Nilikuwa nimeanza kupata, jina langu limeanza kutajwa, halafu mama yangu azikwe bila wimbo? Nikamwendea Mzee. Nikamwambia ninataka kutoa mabati ya kanisa, paa lote, bure, na sikutaja jambo lingine. Alinielewa kabla sijamaliza.

"Mabati ni kitu kizuri," akasema. "Lete. Mama yako atakaa chini yake, pale pale nyuma."

Sikuleta.

Ndipo wakaja wageni wa ng'ambo. Walikuwa vijana wa kanisa moja la huko kwao pamoja na mhubiri wao, mtu mrefu mwenye kucheka kwa urahisi. Walikuja kutujengea chumba cha zahanati kando ya kanisa na kuhubiri vijijini. Mchanga na kokoto niliwaletea mimi kwa pikapu, na chumba hicho kimesimama mpaka leo. Ngozi ziliwababuka, wakajifunza kusalimia kwa Kikamba, wakabeba watoto wa kila mtu. Muuguzi wao alipotoa sindano za pepopunda, Mzee wa Kanisa akapotea. Tukamkuta ghalani kwake, amejibanza nyuma ya magunia, mguu mmoja umebaki nje. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye akatoka, akajikung'uta, akatutazama mmoja mmoja, na Jumapili wawili wetu wakahamia benchi kwa makosa ambayo walidhani yamesahauliwa.

Siku yao ya mwisho ilikuwa Jumapili. Kesho yake wangeondoka. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, mbuzi wamechinjwa, akina mama wamesuka viondo vya kuwapa wageni, na kulikuwa na meza ya Bwana. Mzee wa Kanisa aliketi mbele na wazee wenzake, amevaa koti lake jeusi. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa mkalimani.

Kwetu mkate huanza mbele. Wazee kwanza, kisha wanaume, kisha akina mama, kisha vijana, na benchi la nyuma linaachwa. Hakuna aliyemwambia yule mhubiri, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba jambo kama hilo linahitaji kuambiwa. Yeye naye alikuwa ametuona Jumapili zote zile, akaona kuna watu wanaokaa peke yao mlangoni, wengine nguo zimechakaa, na hakuna anayewakaribisha mbele. Akafikiri ni maskini wetu. Akashika sahani ya mkate na kusema, mwalimu akitafsiri, kwamba katika siku yake ya mwisho na sisi angependa kuanza na wale ambao huwa wa mwisho.

Mwalimu alitafsiri hayo huku akimtazama Mzee wa Kanisa. Kanisa zima likanyamaza. Mhubiri akafikiri tumeguswa na Roho, akatembea mpaka mlangoni.

Wa kwanza alikuwa Mwaitu. Akainama, akampa kipande cha mkate, akatabasamu. Wa pili alikuwa Kioko, mlevi wetu mkubwa, ambaye alikitupa mdomoni kabla sahani haijaondoka. Wengine walikipokea wakabaki wamekishika, hawajui wafanye nini.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, hatua chache kutoka kwa Mwaitu. Nikamwambia kwa midomo bila sauti: kula, mwaitu, kula. Akila amekula. Amepewa meza ya Bwana na mhubiri, mbele ya watu wote, nani atasema mtu huyo ni wa kuzikwa kama mbwa? Alikuwa na nafasi. Kutoka mbele mpaka mlangoni si karibu, na Mzee hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuja polepole katikati ya mabenchi, viatu vikilia. Mwaitu hakunitazama. Alikuwa ameweka mkate kwenye kiganja kilichofunguka na macho yake yako kwa Mzee anayekuja.

Mzee akafika, akatandika leso yake kwenye mkono, akaushusha chini ya mkono wa Mwaitu kama unavyomdai mtoto kitu alichookota.

"Weka hapa."

"Nimepewa na mgeni," Mwaitu akasema.

"Mgeni anaondoka kesho. Mimi nipo."

Mwaitu akageuza kiganja. Mkate ukaanguka kwenye leso.

Mzee akaendelea na benchi zima, mmoja baada ya mwingine, wakaweka. Alipofika kwa Kioko akamwambia afungue mdomo. Kioko akafungua. Mzee akainama, akanusa na kutazama ndani kama anayenunua ng'ombe, akasema huyu ameshameza, basi ataanza hesabu yake upya. Watu wakacheka. Kioko naye akacheka, mdomo ukiwa bado wazi, akitokwa na machozi.

Mhubiri alimuuliza mwalimu kitu. Mwalimu alifuta jasho na kumjibu kwa Kiingereza. Sikusoma, lakini niliona uso wa mgeni ukifunguka kwa furaha, nikajua mwalimu amesema uongo. Baadaye alituambia alichosema: kwamba kwa desturi yetu Mzee huwapokelea wadhaifu chakula chao akawabariki nacho.

Ungedhani yameishia hapo. Baada ya kula nyama tulikuwa na hotuba za kuagana. Mhubiri akasimama, akasema ameona mengi katika nchi yetu, lakini atakachobeba moyoni kwenda nacho kwao ni yule mzee aliyeacha kiti chake cha heshima akashuka kuwahudumia wanyonge kwa mikono yake mwenyewe. Akavua saa yake ya mkononi, akamfunga nayo Mzee wa Kanisa. Wageni wakapiga makofi. Sisi tukatazama chini.

Mzee alikuwa amesikia yote kwa Kikamba, kutoka kinywani mwa mwalimu. Akasema, "Mwambie sikuwahudumia. Nimewanyang'anya."

"Mzee, tafadhali," mwalimu akasema. "Wameahidi dawa za zahanati."

"Mwambie."

Mwalimu akamgeukia mhubiri, akasema maneno mengi kuliko yale aliyopewa. Wageni wakapiga makofi zaidi. Mzee hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba makofi si jibu la neno alilosema. Akafungua saa, akaiweka kwenye goti la mhubiri. Hapo msichana mmoja wa wageni akaanza kulia kwa jinsi mzee huyu alivyo mnyenyekevu, na mwenzake akapiga picha. Ilitumwa baadaye kwa posta, ninayo. Mhubiri amemkumbatia Mzee, anacheka. Mzee amekaza taya kama mtu anayeng'olewa jino. Na nyuma yao, mbali kidogo, Mwaitu amekaa kwenye benchi lililotolewa nje kwa ajili ya sherehe, naye anacheka. Alicheka siku ile mpaka akakohoa. Nilifikiri ni uchungu. Nilimchukia Mzee zaidi kwa kicheko hicho kuliko kwa ule mkate.

Mwaitu alikufa kabla ya kiangazi kilichofuata. Siku ya mazishi nilipoamka nilimkuta Mzee wa Kanisa tayari yuko bomani, shati amevua, shimo limemfika kifuani. Hakukubali kupokezana na mtu. Alichimba kaburi lile mpaka likanyooka kuta zote nne. Nami sikukubali mama yangu azikwe kimya. Nilileta mhubiri wa kukodi kutoka Machakos na spika zilizosikika mpaka ng'ambo ya mto, nikachinja madume, nikamjengea kaburi la simiti wakati ambapo hata chifu alikuwa hana. Watu bado wanayazungumza mazishi hayo. Lakini mhubiri wa kukodi aliposhika kipaza sauti, Mzee alipanda kutoka shimoni, akafuta jembe, akaondoka. Kwaya yetu ilisimama nje ya ua, midomo imefungwa, ile kwaya iliyokuwa ikimfuata Mwaitu. Na yule wa kukodi akakosea jina lake.

Nilimwona Mzee mara nyingi baada ya hapo, sokoni na barabarani, na mara moja nikampita kwenye mvua, lori tupu, nikammwagia matope. Hakugeuka. Lakini mara ya mwisho kuketi naye ilikuwa juzi juzi, na ndiyo sababu ya kuandika.

Kanisa la zamani limebomolewa. Jipya ni la mawe, na paa lake ni mabati yangu, ya rangi, utaliona kutoka barabara kuu. Mchungaji wa sasa ni kijana wa chuo. Benchi la nyuma alilipasua kuni siku ya kwanza. Akaamua kwamba kwenye ukuta wa mbele yaandikwe majina ya washirika waliotangulia, ili kanisa liwakumbuke. Nikamwambia jina la kwanza ni la mama yangu. Akajikuna kichwa. Akasema kuna bibi wazee wanaokumbuka alikufa akiwa wapi, wameshaanza kunung'unika, na desturi ni kwamba aliyekuweka ndiye anayekutoa. Na aliyemweka bado yu hai. Nikamwambia apande gari langu.

Tulimkuta ghalani, macho yameisha kabisa, anachambua ndengu kwenye ungo kwa vidole. Mkaza mwanawe akatuletea viti. Hatujasalimia, Mzee akasema, "Hilo ni gari la Mutisya. Linapiga kelele kama mwenyewe."

Mchungaji akaeleza kwa adabu nyingi. Mzee akawa anatupa mawe chini na kuacha ndengu, hakosei. Mchungaji alipomaliza nikaingia mimi. Nikamwambia habari ya paa. Nikamwambia naweza kumpeleka Nairobi kwa daktari wa macho kwa gari langu na kumrudisha akiwa anaona. Sihitaji ahubiri. Aseme neno moja tu, kwamba mama yangu ametoka.

"Ametoka kwenda wapi? Alifia huko huko."

"Mzee, ni jina tu."

"Kama ni jina tu, umefuata nini hapa?"

Hapo nikakasirika. Nikamwambia alimwonea mama yangu, alimnyang'anya mkate mbele ya wageni, akamwacha azikwe na mtu asiyejua hata jina lake. Mchungaji akanigusa goti ninyamaze. Mzee aliendelea kuchambua mpaka nikaishiwa maneno.

"Mama yako hakuonewa na mtu," akasema. "Alipolala kitandani nilimwendea, wewe ukiwa huko barabarani na pikapu yako. Nilipiga magoti, mimi. Nikamwambia sema nusu, sema hata kwa kichwa, nikuzike. Akaniuliza ghala hili nililijaza na nini mwaka ule. Nikamwambia. Akasema, basi tumemaliza, nenda nyumbani Mzee, mvua inakuja."

Akasukuma ungo pembeni.

"Na siku ile ya wageni, mkate ulikuwa mkononi mwake. Kioko alimeza. Yeye kwa nini hakumeza? Umewahi kujiuliza? Aliningoja nifike. Alitaka niuchukue nyote mkiona. Yule mama alinishinda ndani ya kanisa langu, na tuliojua ni sisi wawili tu. Sasa wewe unasema nimsamehe. Mtu aliyekushinda, unamsamehe nini?"

Mimi, ambaye maneno ndiyo biashara yangu, nikaanza kuokota mawe aliyotupa chini.

"Alikaa nyuma miaka yote ile na hakuniomba kitu," Mzee akasema, na sasa uso wake ulikuwa umeelekea kwangu kabisa, kama anayeona. "Hufanani naye. Katika boma lenu, Mutisya, wewe ndiye wa kwanza kuja kuniomba."

Akaurudisha ungo magotini, akaanza tena kuchambua.

Ndani ya gari mchungaji alingoja tufike njia panda ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba haina haja ya kujisumbua, yule mzee haoni, tutaandika tu, atajuaje? Nafasi fundi ameshaipima. Nikamwambia asiandike. Akaniuliza kwa nini, baada ya mabati yote yale. Nikaongeza mwendo.

Siku ya kufungua kanisa nilikaa mbele kabisa, mgeni wa heshima, ukuta ukinitazama. Majina yalianza chini sana, na juu yake kulikuwa na nafasi tupu, pana, ya jina moja. Watu wakasema fundi alikosea vipimo. Wakamlaumu mbele yangu, nami nikamwacha alaumiwe.